Barakoa, bodaboda na kazi ngumu ya kufasili maneno

MWALIMU mmoja wa shule ya upili ameniandikia akinitaka niamue ugomvi. Mwanafunzi wake aliandika katika insha kwamba muuguzi “alivua barakoa akatabasamu”. Mwalimu mwenzake aliyesahihisha insha hiyo akalipigia neno hilo mstari, kwa hoja kwamba kamusi iliyo maktabani mwao inasema barakoa ni kifuniko cha uso cha wanawake wa Kiarabu. Anauliza: tumwamini nani, kamusi au mtoto?

Tuwaamini wote wawili. Kilichokosea hapo ni kalamu nyekundu.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Barakoa limetokana na Kiarabu, na kwa miaka mingi lilitaja kifuniko cha uso walichovaa baadhi ya wanawake wa Uarabuni na wa pwani yetu, hasa Unguja. Miaka ya nyuma nilipolitaja darasani, wanafunzi wangu wengi wa kutoka bara walinitazama tu. Wa Lamu na Mombasa ndio waliolijua, tena kwa kusimuliwa na nyanya zao. Kisha ikaja Machi 13, 2020, siku serikali ilipotangaza kisa cha kwanza cha korona nchini. Redio na magazeti yakahitaji neno, tena upesi. Kulikuwa na “maski”. Wengine wakajaribu “kinyago”, lakini kinyago kina mzigo wake wa ngoma na wa sanaa ya kuchonga, na hakuna aliyetaka kuambiwa apande matatu akiwa na kinyago. Barakoa likashinda. Kabla mwaka haujaisha, makanga aliyekuwa hajawahi kuona barakoa ya Unguja alikuwa akipaza sauti stejini: “Hakuna barakoa, hakuna kupanda!”

Neno halikubuniwa. Lilikuwako, likahamishwa. Na hapo ndipo kazi ya mwanakamusi inapoanza.

Namna ya kawaida ya kufasili nomino ni kutaja kwanza jinsi ya kitu, yaani kundi kubwa kinamoingia, kisha kutaja sifa zinazokitenga na wenzake wa kundi hilo. Njia hii ni ya tangu wanafalsafa wa Uyunani na bado hatujapata iliyo bora kwa matumizi ya kila siku. Jinsi ya barakoa ni “kifuniko cha uso”. Hiyo haikubadilika. Kilichobadilika ni zile sifa: nani anakivaa, kwa sababu gani, na kinafunika wapi. Ukiandika “cha wanawake”, umewafungia nje madaktari na abiria wote wa mwaka 2020. Ukiogopa kufunga mlango, ukaandika “kitu cha kufunikia uso”, umeingiza ndani shuka, ukaya wa bibi arusi, na ile ngao ya fundi wa kuchomelea vyuma. Fasili nzuri ni kama nguo ya kushonewa: ikibana haivaliki, ikipwaya inaanguka.

Kuna na maradhi mengine ambayo kamusi zetu hazijapona. Unatafuta “hasira”, unaambiwa ni ghadhabu. Unakwenda kwenye “ghadhabu”, unaambiwa ni hasira. Anayejua maneno yote mawili hakuhitaji kamusi. Asiyejua hata moja amezungushwa kama punda wa kinu cha mafuta. Kutoa kisawe ni rahisi na huokoa nafasi kwenye ukurasa, lakini kisawe si fasili.

Sasa tuje kwenye neno ambalo nalipenda zaidi, kwa kuwa ni la kwetu hasa: bodaboda. Wengi tunajua lilikozaliwa, katika mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia, ambako watu walibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Ni neno la Kiingereza la mpaka lililorudiwa na kutamkwa Kiswahili. Mwanakamusi aliyelisikia zamani angeandika, bila kosa lolote, kwamba ni baiskeli ya kubebea abiria kwa malipo. Leo mtoto wa Nairobi ukimwambia bodaboda ni baiskeli atakucheka. Kwake ni pikipiki. Na asili ya jina haimsaidii kitu, maana bodaboda ya Kawangware haijawahi kuona mpaka wa nchi yoyote. (Ni sawa na matatu. Husimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na nauli ya sarafu tatu za senti kumi kumi. Jaribu kumpa kondakta wa leo sarafu tatu za aina yoyote.) Asili ya neno ni habari tamu, na kamusi nzuri huitaja, lakini asili si maana.

Je, tuandike maana ngapi? Baiskeli, pikipiki, kisha? Gazeti hukuambia kwamba bodaboda wameandamana. Si pikipiki zilizoandamana, ni waendeshaji. Basi hiyo ni maana ya tatu. Na hapa Kiswahili kinamsaidia mwanakamusi kwa namna ambayo lugha nyingi haziwezi. Sikiliza upatanisho wa kisarufi: “bodaboda yangu imeharibika”, lakini “bodaboda wangu amechelewa”. Neno ni lile lile, ngeli ni mbili. Msemaji ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sarufi amekwisha kutenganisha maana kwa ulimi wake. Mwanakamusi anachofanya ni kuandika alichosikia. “Ndege ametua” yuko mtini. “Ndege imetua” iko JKIA. “Vifaru wameingia” ni habari ya mbugani, “vifaru vimeingia” ni habari ya vita. Nikiwa na shaka kama maana mpya imekomaa au ni tamathali ya kupita tu, jambo la kwanza ninalofanya ni kusikiliza viambishi.

Kipimo hicho hakifui dafu kila mahali. Barakoa ya kale na ya sasa zote zimo katika I-ZI, kwa hiyo sarufi haitusaidii; inabidi tutazame neno limetumiwa wapi, na nani, mara ngapi. Wala hakiwezi kutuonyesha mabadiliko ya neno kama simu. Hili tulilipata kwa Waajemi, na kwao lina maana ya waya. Kwetu lilitumika pia kwa ujumbe uliopita katika waya wa telegrafu. Mzee aliyeletewa simu miaka ya 1940 aliletewa karatasi, na mara nyingi ilikuwa karatasi ya msiba. Mjukuu wake ana simu mfukoni isiyo na waya hata mmoja. Viambishi ni vile vile vya I-ZI, na kitu chenyewe kimebadilika mara tatu.

Msomaji ataniuliza: kama maneno yanakimbia hivi, kwa nini kamusi isikimbie nayo? Kwa sababu kamusi inachukua miaka kutengenezwa, na lugha haisubiri. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilianza kutolewa kwa vijitabu mwaka 1884 ikakamilika 1928. Katika herufi ya A, neno la ugonjwa wa kidole tumbo liliachwa nje kwa kudhaniwa kuwa ni la madaktari tu. Mwaka 1902 Mfalme Edward VII akaugua tumbo siku chache kabla ya kutawazwa, sherehe ikaahirishwa, na neno hilo likawa mdomoni mwa kila mtu isipokuwa kamusini. Sisi nasi tuna yetu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Utafute humo “ukimwi”. Hutalipata, na huwezi kumlaumu mtu. Mwaka huo huo ndipo madaktari wa Marekani walipotoa taarifa ya kwanza ya ugonjwa ambao haukuwa hata na jina. Toleo la tatu la kamusi hiyo ni la 2013. Kamusi Kuu ya Kiswahili ilitoka mara ya kwanza 2015. Hesabu mwenyewe kati ya miaka hiyo na Machi 2020.

Kwa hiyo mwalimu anayesahihisha insha kwa kamusi aangalie kwanza ukurasa ule ambao hakuna anayeusoma, wenye mwaka wa kuchapishwa. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa kuwa gharama yake anailipa mtoto. Alama mbili za insha zinaweza kumteremsha kutoka gredi moja hadi nyingine, na gredi ndiyo inayomfungulia au kumfungia mlango wa chuo. Neno likikosekana kamusini, tunachojua ni kwamba siku kamusi ilipofungwa neno hilo halikuwa limeingizwa. Hatujui zaidi ya hapo.

Lakini wanaodai kwamba kamusi ipokee kila kitu na isiseme lolote, nao siko nao. Mtu hufungua kamusi ili ajue neno lina maana gani, na pia ajue likimtoka mdomoni litafanya nini. Chukua “kilema”. Liko katika maandishi yetu ya zamani na bado lasemwa. Likiwa na maana ya kasoro ya mwili halina neno. Likiitwa mtu, linaumiza. Wengi husema tatizo ni kile kiambishi ki-, eti kinamfanya mtu kuwa kitu. Sikubaliani nao kikamilifu. “Kiongozi” ana ki- hiyo hiyo na sijasikia mheshimiwa yeyote akilalamika, “kijana” vilevile. Kinachoumiza ni historia ya matumizi: jinsi neno lilivyorushwa njiani kwa watu ambao hawakuwa na jina lingine la kuitwa. Hata hivyo wanaolalamika wana haki yao, tena imeandikwa. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra katiba kuingia kazini mwa mwanakamusi, lakini yetu imeingia.

Afanye nini basi? Akilifuta neno hilo kwa upande wa mtu, msomaji wa hadithi za zamani atalikuta na hatapata pa kuuliza. Akilifasili kimya kimya kuwa ni mtu asiye na kiungo fulani, kijana wa shule ya upili atalinakili katika insha kwa nia njema kabisa. Dawa yake ni alama. Kamusi nyingi huweka vifupisho kuonyesha kwamba neno ni la kale, ni la lahaja fulani, ni la kisheria, ni la mitaani. Alama ya “huudhi” ndiyo ambayo wanakamusi wetu huionea haya. Wanaona kama ni kuingiza siasa katika sayansi. Mimi naiona kuwa ni sehemu ya maana. Neno linaloudhi likifasiliwa bila kutajwa kwamba huudhi, fasili imepungua, kama vile kumfasili nyoka bila kutaja sumu.

Na alama zenyewe hazidumu. “Mlemavu” liliingia kama neno la heshima la kuchukua nafasi ya kilema, na nakumbuka lilivyopokewa kwa shangwe. Siku hizi katika mikutano nasikia watu wakirekebishana: si mlemavu, ni mtu mwenye ulemavu. Ulemavu ni hali aliyo nayo, wanasema, si jina lake. Nadhani hoja hiyo itashinda kama barakoa ilivyoshinda, kwa kutumiwa. Atakayehariri toleo lijalo huenda akakuta kwamba mlemavu nalo linahitaji alama, na itambidi aamue kama ni “huudhi” au bado ni “linaanza kuepukwa”.