Karkade na vinasaba: kinga ya maabara bado si tiba ya mgonjwa

Kinywaji chekundu cha karkade, kinachopendwa na wengi Sudan Kusini, kina kemikali zinazoweza kukinga chembehai dhidi ya madhara. Hata hivyo, wagonjwa wanapaswa kutambua mpaka wa matokeo hayo.

Juba, na katika makazi yaliyo kando ya barabara iendayo Nimule, kama Nesitu, karkade ni kinywaji kilichozoeleka. Huandaliwa kwa vikonyo vyekundu vya mmea ambao Tanzania hujulikana kama choya au rozela.

Kila chembehai hutumia oksijeni kuzalisha nguvu. Katika kazi hiyo huzaliwa molekuli zisizo tulivu, ambazo hunyang'anya elektroni kutoka kwa molekuli jirani. Moshi wa sigara huziongeza. Zinapozidi uwezo wa mwili kuzidhibiti, huweza kuharibu DNA, yaani vinasaba vinavyobeba maelekezo ya uhai. Mwili una njia zake za kukarabati uharibifu huo. Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kuzifafanua.

Wekundu wa karkade hutokana na anthosianini, kemikali inayoweza kuzituliza molekuli hizo kwa kuzipa elektroni. Mwaka 2005, watafiti wa Nigeria waliripoti kwamba kemikali za mmea huo zilipunguza madhara ya vinasaba katika uboho wa panya waliopewa sumu ya aseniki.

Lakini mwili wa binadamu una mambo mengi zaidi. Sehemu kubwa ya anthosianini hubadilishwa tumboni na kwenye ini, na kiasi kidogo tu hufika katika damu. Isitoshe, wingi wa kemikali za kinga si salama wakati wote. Nchini Finland, utafiti uliohusisha wanaume wavutaji sigara 29,133 ulibaini mwaka 1994 kuwa waliomeza vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wengine.

Tahadhari hiyo ina uzito kwa wagonjwa wa saratani. Tiba ya mionzi huua chembehai za uvimbe kwa kuharibu vinasaba vyake. Hivyo kuna hofu kwamba dondoo kali za mimea zinaweza kuzikinga pia chembehai ambazo daktari anakusudia kuziua.

Shinikizo la damu nalo lisisahaulike. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, watu 65 walishiriki kwa wiki sita. Waliokunywa vikombe vitatu vya karkade kila siku walishuka kwa wastani wa takriban vipimo 7 katika namba ya juu ya shinikizo la damu. Anayemeza dawa za shinikizo anaweza kushuka kupita kiasi.

Karkade isiyojaa sukari inabaki kuwa kinywaji chema. Anayetibiwa asiache dawa kwa ajili yake, wala asifiche anachokunywa: amweleze daktari au mfamasia, na lugha ikiwa kikwazo, aombe mkalimani.