Umeme wa jua nyumbani: tubaki kwenye gridi au tujitenge?



Mwaka 2023 Afrika Kusini ilikuwa na mgao wa umeme karibu kila siku. Mnakumbuka: wali uko jikoni nusu, daftari la hesabu liko wazi mezani, mara giza. Tangu hapo wazazi wengi wanaulizana: tukiweka paneli za sola, tubaki na umeme wa manispaa au tuachane nao kabisa?

Kabla hujatoa akiba ya familia, fahamu kwamba kuna mifumo mitatu, si miwili.

Wa kwanza: gridi bila betri. Paneli hutengeneza umeme mchana, inveta huubadilisha ufae kwa vyombo vya nyumbani, na ukipungua unajaziwa na gridi. Ndio wa bei nafuu kuliko yote, na bili hushuka. Lakini sikiliza vizuri: umeme wa mtaani ukikatika, na wako unazimika, hata kama jua linawaka! Inveta hujizima makusudi, ili umeme wa paa lako usiingie kwenye nyaya ambazo fundi anazishika akidhani hazina kitu. Watu wengi hununua mfumo huu wakitarajia taa wakati wa mgao, kisha wanakaa gizani na paneli zao.

Wa pili: gridi pamoja na betri. Umeme ukikatika, inveta huitenga nyumba na mtaa, na betri inachukua kazi. Ukirudi, unaendelea kama kawaida.

Wa tatu: nje ya gridi. Hakuna waya wa mtaani kabisa. Kila kitu kinategemea jua na betri.

Sasa tupige hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Taa kumi za LED za wati 9, zikiwaka saa nne, hazifiki hata nusu uniti. Hita ya maji ya wati 3,000 inakula uniti 3 kwa saa moja tu.

Tuseme nyumba yako inatumia uniti 10 kwa siku. Durban hupata mvua nyingi wakati wa joto, na mawingu yanaweza kukaa siku tatu. Ukijitenga na gridi, lazima uwe na akiba ya uniti 30. Betri ya nyumbani ya uniti 5 ni ya kawaida. Basi utahitaji sita, na paneli za kuzijaza. Ukibaki kwenye gridi, betri moja inatosha kwa taa, intaneti na friji kwa saa chache za mgao, mradi hita na birika vipumzike. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini gridi nayo si ya kuaminiwa kupita kiasi. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Njia hiyo ilipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme huo hadi Machi 2010. Paneli zisizo na betri zingefaa nini miezi yote hiyo?

Na nyumba ya bibi kijijini, ambako nguzo za umeme hazijafika? Huko jibu ni mfumo wa tatu, tena mdogo: paneli moja, betri, taa chache, redio na chaji ya simu. Nchini Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza mifumo kama hiyo kwa malipo madogo madogo kupitia simu. Basi familia moja inaweza kuchagua njia mbili, moja hapa na nyingine nyumbani.

Mambo mawili kwa wakazi wa Berea. Mfumo wowote unaounganishwa na gridi lazima usajiliwe na manispaa ya eThekwini, na ufungwe na fundi mwenye sifa. Na kama unaishi kwenye fleti, paa si lako peke yako: omba ruhusa kwanza. Mpangaji anaweza kununua betri yenye inveta inayochajiwa kwenye soketi. Akihama, anahama nayo.

Kazi ya watoto wiki hii: Pamoja na mzazi, soma wati zilizoandikwa kwenye vyombo vitano vya nyumbani. Viandike kwa Kiswahili, kuanzia mlafi hadi mpole. Kisha amueni pamoja: giza likiingia, kipi kiendelee kuwaka, na kipi kisubiri?