Mwanamume Mmoja kati ya Wanawake Mia

Wanawake mia wakikaa darasani na mwanamume mmoja, Kiarabu sanifu huwataja wote kwa wingi wa kiume. Anayeutafuta mfumo dume ndani ya sarufi ataona kesi imekwisha.

Ila sarufi hiyohiyo ina vituko. Jua ni la kike, mwezi wa kiume, na vita, kazi ya wanaume tangu zamani, ni vya kike. Cheo cha khalifa, kilichoshikwa na wanaume, huishia kwa ta marbuta, alama ya kike. Wingi wa kitabu, neno la kiume, hupatanishwa kana kwamba ni mwanamke mmoja. Huu ni upatanisho tu, kama ngeli zetu: kiongozi ana ki- sawa na kiti, wala hatumkalii. Tena lahaja ya Cairo imeacha wingi wa kike, ilhali lahaja nyingi za Oman na za Wabedui zimeuhifadhi. Nani atasema kwa sababu hiyo kwamba Wabedui ndio wanaowainua wanawake zaidi?

Hata hivyo, kuna takwimu zisizopuuzika. Wanauchumi Pamela Jakiela na Owen Ozier walichunguza lugha zaidi ya 4,000, wakakuta kwamba palipo na wazungumzaji wengi wa lugha zenye jinsi ya kike na ya kiume, wanawake wachache zaidi wamo katika ajira. Hali hiyo ilijitokeza hata ndani ya nchi moja moja, Kenya na Uganda zikiwemo. Mimi nasita hapo. Kisomali na Kimaasai vina jinsi, Kikuyu hakina. Lakini Wasomali na Wamaasai wengi ni wafugaji pia, na shule zilichelewa kuwafikia. Watafiti wenyewe walijitahidi kuchuja sababu za aina hiyo. Bado kuna Kiajemi, lugha isiyo na jinsi kabisa, na Iran ni miongoni mwa nchi zenye wanawake wachache mno katika ajira.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni mdogo kwa umbo. Mwaka 2008 Pascal Gygax na wenzake waliwapa watu sentensi zenye majina ya kazi katika wingi wa kiume, ule unaodaiwa kujumuisha wote. Wasomaji wa Kifaransa na Kijerumani waliwaza wanaume, hata kwa kazi zinazohesabiwa kuwa za kike. Wasomaji wa Kiingereza, lugha isiyoyapa majina hayo jinsi, walifuata mazoea ya jamii kuhusu kazi husika.

Kwa hiyo mwajiri wa Kiarabu anayeandika mhandisi kwa umbo la kiume, kisha mkwaju na ta marbuta, hafanyi mapambo. Sisi hatuna umbo la kurekebisha. Tangazo letu la katibu muhtasi halitaji jinsia popote, lakini wengi wakilisoma wanamwona mwanamke.