Binti Anapotimiza Miaka 18

Siku hizi nyumba nyingi huadhimisha miaka 18 ya binti kwa keki, soda na picha. Si vibaya. Lakini sisi tunaokutana na mabinti kila siku kliniki tunaomba mama ajiulize: siku hiyo namkabidhi nini mwanangu?

Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Akishaitimiza anapata haki ya kupiga kura, na hospitalini huulizwa yeye mwenyewe kama anakubali kupasuliwa.

Wapo wanaosema, "Amekua, aolewe." Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa miaka 14 au 15 kuozwa vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Hata hivyo, kufikisha miaka 18 si amri ya kuolewa. Ni umri wa kuanza kuamua.

Binti yetu wa kwanza alipofikia umri huo tulipika pilau, tukaita ndugu wachache. Baba yake alimkabidhi cheti cha kuzaliwa na kadi yake ya kliniki tuliyoitunza tangu utotoni. Kisha tukamsimulia jambo ambalo hakuwahi kulisikia: siku aliyozaliwa, mama yake alitokwa na damu nyingi, akaongezewa chupa 2 za damu ya watu tusiowajua.

Binti akanyamaza. Halafu akasema, "Nami nitachangia damu."

Bibi yake aling'aka: "Mwali atoe damu, atazaaje?" Tulimweleza mama kwamba mchangiaji hupimwa kwanza, awe na uzito usiopungua kilo 50, na mwanamke hupumzika miezi 4 kabla ya kuchangia tena. Uamuzi tukamwachia binti.

Alikwenda, akarudishwa. Wingi wa damu yake haukutosha. Tatizo hili ni la kawaida kwa wasichana, kwa sababu ya hedhi na chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha, na wengi hawajui kwamba wanalo. Akapewa vidonge. Bibi, bila kusema neno, akaanza kumpikia maini, maharage na mchicha, na chungwa pembeni, maana chungwa husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Chai tukaihamisha mbali na mlo, kwa kuwa huyazuia.

Baada ya miezi 3 alirudi kituoni, akakubaliwa.

Mama mwenzetu, kama uwezo wa ukumbi haupo, usihuzunike. Mpe binti vyeti vyake, msimulie alivyozaliwa, mpeleke apimwe damu. Kisha mwachie jambo moja aliamue mwenyewe, nawe umsindikize.