Kutengeneza Ski Zilizoharibika

Ski ya kushukia milima ya theluji ni ubao wa tabaka kadhaa zilizounganishwa kwa gundi ya epoksi. Katikati pana moyo wa mbao, juu na chini yake faibaglasi, na katika baadhi ya aina bati jembamba la alumini. Upande wa chini kabisa ni soli ya plastiki ya poliethilini, ambayo hata ikiwa mpya unene wake ni milimita moja na ushei tu. Kandokando ya soli hupita kingo za feleji, ambazo ndizo zinazoshika barafu mtelezaji anapokata kona. Ski za mbio za masafa marefu, kama alizotumia Mkenya Philip Boit huko Nagano mwaka 1998, ni nyembamba na hazina kingo hizo. Sura hii inahusu zile za mlimani, za namna aliyoshindania Sabrina Simader kwa niaba ya Kenya huko Pyeongchang mwaka 2018.

Jiwe lililofichwa na theluji laweza kukwaruza soli, kukunja ukingo au kutoboa hadi kwenye mbao. Hata hivyo, madhara makubwa huja baadaye, maji yanapopenya kwenye tundu hilo. Mbao hunywa maji ikavimba, maji yakiganda hutanuka, na tabaka huanza kuachana. Kwa hiyo kazi yoyote huanza kwa kukausha. Ski hulazwa ndani ya nyumba yenye joto kwa siku moja au mbili, mbali na moto, na penye jeraha la kina hukaushwa zaidi kwa hewa ya uvuguvugu. Anayeruka hatua hii huziba maji ndani, na ski huoza chini ya kiraka kizuri.

Mikwaruzo isiyofika kwenye mbao huzibwa kwa kijiti cha poliethilini. Kwanza nta ya zamani na uchafu huondolewa, na nyuzi za plastiki zilizosimama hukatwa kwa kisu kikali. Kijiti huwashwa na kushikwa karibu sana na kikwangulio cha chuma, ili mwali ubaki mdogo na wa buluu. Mwali ukiwa mrefu na wa manjano huleta masizi, na plastiki yenye masizi haishiki vizuri. Matone hudondoshwa ndani ya mkwaruzo hadi yapande juu kidogo ya soli, kwa kuwa yakipoa hunywea. Yakishakuwa baridi kabisa, ziada hukwanguliwa kidogokidogo. Plastiki inayoyeyuka huunguza vibaya na moshi wake hauvutwi: glavu na madirisha wazi ni lazima.

Palipoonekana mbao, kijiti hicho hakifai, maana plastiki hiyo haishikamani na mbao wala feleji. Hapo hukatwa kiraka. Sehemu iliyoharibika hutolewa kwa kisu katika umbo lenye mistari safi, kisha kipande cha poliethilini hukatwa kwa kufuata umbo hilohilo na kugandishwa kwa epoksi. Vipande vinavyouzwa kwa kazi hii huwa na upande mmoja uliotayarishwa kupokea gundi, na upande huo ndio unaotazama chini. Upande laini hauna gundi inayoushika.

Tabaka zilizoachana, hasa kwenye mkia na ncha, hufunguliwa taratibu kwa kabari nyembamba, husafishwa kwa spiriti na kuachwa zikauke. Epoksi ya kukauka polepole husukumwa hadi mwisho wa ufa. Ile ya dakika tano haifai, kwani ikishakauka huvunjika kwa urahisi katika kitu kinachopindapinda kutwa nzima. Ski hubanwa kwa klampu kati ya vibao viwili, na karatasi ya kuokea huwekwa katikati ili vibao visigande. Kubana kupita kiasi hukamua gundi yote ikatoka nje. Saa 24 katika chumba chenye joto hutosha kwa gundi nyingi za aina hii.

Kingo nazo zina hila yake. Feleji iliyopigwa na jiwe huwa ngumu mahali hapo kiasi kwamba tupa huteleza na kuharibika meno. Ugumu huo huondolewa kwanza kwa kinoo cha almasi, ndipo tupa ifuate. Upande wa soli ukingo huinamishwa takriban digrii moja, na upande wa ubavu kati ya moja na tatu. Tupa hushikiliwa kwenye kifaa cha kupimia pembe, kwa kuwa mkono mtupu haukadirii digrii. Feleji iliyoondolewa hairudi. Mpigo mwepesi ni bora kuliko ukali wa siku moja.

Baada ya hapo rula ya chuma huwekwa wima juu ya soli na kutazamwa kwenye mwanga. Mwanga ukionekana katikati, kingo zimesimama juu ya plastiki na ski itakuwa nzito kugeuza. Ukionekana pembeni, soli imevimba na hukwanguliwa. Mwisho hupakwa nta kwa pasi inayotembezwa bila kusimama. Pasi ikitoa moshi ni moto mno, na soli huyeyuka karibu na nyuzijoto 130.

Kuunda upya mkunjo wa ncha ni kazi ya ski za kale za mbao tupu. Nchini Norway ncha iliyonyooka ililainishwa kwa maji ya moto au mvuke, ikafungwa kwenye kalibu mpaka ikauke, na jozi ilihifadhiwa ikiwa imefungwa pamoja na kigingi katikati ili kulinda upinde. Ski za kisasa hazikubali njia hiyo, kwa sababu joto hulegeza epoksi. Mkia uliochanika waweza kufupishwa kidogo kwa msumeno, kuviringwa kwa msasa na kuzibwa kwa epoksi, lakini ncha yenye bati la alumini ikikunjika hainyooki tena kikamilifu.

Moyo uliovunjika, au skrubu za vifungio zilizong'oka, si kazi ya nyumbani. Vifungio ndivyo vinavyoachia mguu mtu anapoanguka, na hukaguliwa na fundi mwenye mashine ya kuvipima kabla ski haijarudi mlimani.