Jina la Mgeni Katika Nasaba

Mjaluo wa Kosele, magharibi mwa Kenya, akiulizwa asili yake, aghalabu hupanda kutoka kwa baba hadi babu na babu wa babu mpaka afike kwa Rachuonyo mwenyewe, mhenga wa ukoo wake, kisha hukumbusha kuwa wahenga walitoka Bahr el Ghazal, wakapitia Pubungu karibu na Pakwach, wakatua kilima cha Ramogi huko Yimbo, na baadhi yao wakavuka Ghuba ya Winam kuingia Nyanza ya Kusini. Riwaya hii Profesa Bethwell Ogot aliichunguza ukoo kwa ukoo, akilinganisha kauli za wazee, na mwaka 1967 akatoa kitabu chake cha taarikhi ya Wajaluo wa kusini. Na kabla yake Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alikwisha kuandika kwa Kijaluo, mwaka 1938, mila na desturi za watu wake.

Lakini nasaba, hata isomwe kwa ufasaha namna gani, huwataja wale tu ambao wazao wao walikuwa na haja ya kuwakumbuka, na haja hiyo, katika nchi ambamo ardhi hurithiwa kwa ukoo, ilikuwa haja ya shamba. Jadak, yaani mgeni aliyekimbia njaa au ugomvi, au aliyemfuata dada yake alikoolewa, alipokewa na wenye ardhi akapewa mahali pa kujenga na kulima. Na baada ya vizazi kadhaa wajukuu wake waliweza kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji, hata babu yao akatajwa kuwa mwana wa mtu asiyemzaa. Serikali ya kikoloni ilipoanza, kwa Mpango wa Swynnerton wa 1954, kupima mashamba na kuyaandikisha kwa majina ya watu, sababu za kuinyamazia asili hiyo zilizidi uzito. Kuhama huku na kupokewa ugenini kumegusa hata jamaa mashuhuri: Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, alizaliwa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, kwa watu waliotoka Alego, naye ukubwani akarejea Kogelo, huko huko Alego, kwenye ardhi ya wahenga.

Kwa hiyo mimi humshauri mtafiti aanze kwa bibi zake. Mwanamke aliyeolewa alitoka ukoo mwingine, hana shamba la kulitetea kwa nasaba ya mumewe, na kwa kuwa boma la Kijaluo hugawanyika kwa nyumba za akina mama, yeye ndiye ajuaye ni nani alizaliwa ndani na nani aliletwa. Amwulize nani alizikwa wapi, na nani alichukuliwa upagazi katika vita vya 1914 hadi 1918, kwa maana tukio kama hilo hukipa kizazi tarehe thabiti, na kutoka hapo vizazi vya juu hukadiriwa kwa miaka 25 hadi 30 kila kimoja.

Kisha aende gunda, boma lililohamwa: tuta la mviringo lililokwisha kubonyea, minyaa iliyokuwa ua, vigae vya vyungu, pengine jiwe la kusagia lililochimbika katikati kwa mikono ya wanawake wengi. Huko Migori, Thimlich Ohinga, iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, yaonyesha jambo lilo hilo kwa ukubwa wake: kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, tangu karne ya 16 hivi, zikakaliwa kwa zamu na watu wa lugha mbalimbali, waliokuja wakizitengeneza kuta za waliotangulia.

Katika kuyatangaza aliyoyapata mtafiti ndipo hadhari kubwa yahitajika. Neno la kwamba fulani alikuwa jadak, likisemwa matangani mbele ya watu wote, laweza kuzusha kesi ya mpaka; lipelekwe kwanza kwa wazao wake, faraghani, na wao waamue. Daftarini riwaya zinazopingana ziandikwe zote bila kuchaguliwa moja, kila moja na jina la msimulizi wake, nyumba ya mama yake na siku aliyoisema, na nakala ibaki kwa msimulizi huyo, ili wajukuu wake wapate kuisahihisha.