Leo Mwezi Ngapi?

Juzi mpwa wangu alirudi nyumbani nguo zikimchuruzika maji, ndoo hana, kiatu kimoja hana. Yeye na wenzake walikwenda mwambani kutafuta pweza, wakajisahau, wakaja kuokolewa na wavuvi maji yakiwa yamewafika kifuani. Nyanya yake hakuuliza habari ya pweza. Aliuliza, "Leo mwezi ngapi?" Kijana akataja tarehe ya simu. Bibi akatikisa kichwa.

Aliyokuwa akiitaka ni tarehe ya Kiislamu, kwani hiyo ndiyo inayokwenda na bahari. Mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, jua, mwezi na dunia hukaa mstari mmoja, na maji huvutwa kwa nguvu za wawili. Siku moja au mbili baadaye ndipo bamvua hushika. Karibu na mwezi 9 na mwezi 23, jua na mwezi huvutana kila mmoja upande wake, tukapata maji mafu.

La kushangaza ni kwamba jua lina uzito wa karibu mara milioni 27 ya mwezi, lakini katika kuvuta maji mwezi hulishinda zaidi ya mara mbili. Sababu ni ujirani tu: jua liko mbali karibu mara 400 zaidi.

Hapa kwetu Mombasa, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, ndiyo maana utawaona watu wamejaa mwambani wakati huo. Kila siku saa hiyo husogea mbele kama dakika 50. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na ushei, na kina huongezeka mita tatu au zaidi.

Hatari iko hapa, na wengi hawaijui: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na mbili, nawe waona bado mapema. Saa ya tatu na ya nne pekee huleta nusu ya maji yote, yaani robo tatu ya mita au zaidi kwa kila saa. Na mifereji nyuma yako hujaa kabla ya mwamba uliosimama juu yake. Vijana wetu walinaswa hivyo hivyo.

Maji haya haya, kwa msuguano wake, yanausukuma mwezi utuondokee sentimita 3.8 kila mwaka. Hilo hupimwa kwa miale ya leza inayorushwa kwenye vioo vilivyoachwa mwezini, vya kwanza na Apollo 11 mwaka 1969.

Mpwa wangu sasa amebandika kalenda ya Kiislamu mlangoni. Ruhusa ya kurudi mwambani ameipata, kwa sharti la nyanya: maji yakigeuka tu, hata kama pweza yuko mkononi, wote watoke.